Mwalimu wa Darasa la Kwanza Aliyehamishiwa Darasa la Saba: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Wilayani Chamwino

Kisa hiki ni cha shule moja ya msingi ya serikali katika Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Sitaitaja shule wala walimu wake, kwa sababu bado wako kazini na wanaishi na wazazi wale wale. Mimi ni Afisa Elimu Kata, na shule hiyo ni mojawapo ya zile ninazozisimamia. Jambo lenyewe ni uamuzi mmoja tu uliofanyika Januari, shule zilipofunguliwa: mwalimu wa Darasa la Kwanza, ambaye kijiji kizima kinamkubali kuwa ndiye mwalimu bora pale, aliondolewa kwa watoto wadogo akapewa Hisabati ya Darasa la Saba. Uamuzi wa aina hii hufanyika kila mwaka katika shule nyingi, tena kwa nia njema kabisa, na ni nadra mtu kukaa chini akaangalia ulizaa nini.

Shule ina walimu saba walioajiriwa na serikali, Mwalimu Mkuu akiwa mmoja wao, na madarasa manane ukihesabu na la Awali. Uwiano unaotakiwa katika shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa la Kwanza la mwaka ule lilikuwa na watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja. Hili si geni: tangu michango ya lazima ilipoondolewa mwanzoni mwa 2016, wazazi wengi waliokuwa wanawabakiza watoto nyumbani waliwaleta, na ni jambo la kushukuru. Vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo.

Kijiji ni cha wakulima wa uwele, mtama, alizeti na karanga, na wafugaji. Mvua Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Maana yake ni kwamba mtoto wa Darasa la Kwanza anaanza shule Januari, wakati ambao mama yake yuko shambani anapalilia kuanzia alfajiri na mtoto mkubwa kidogo anahitajika kumbeba mdogo wake. Nyumbani wanaongea Kigogo. Wengi husikia Kiswahili redioni na dukani, lakini hawajawahi kukitumia kujibu swali la mtu mzima.

Alichokuwa akifanya Madam

Pale shuleni wote, walimu na watoto, wanamwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo. Amefundisha Darasa la Kwanza kwa miaka mingi. Nilipokuwa nikienda kumwona darasani, kitu cha kwanza nilichokuwa nakiona ni kwamba watoto hawamwogopi, na wakati huo huo hawachezi. Asubuhi alikuwa anawasalimia “Mbukwenyi!” nao wanaitikia kwa nguvu, ndipo anahamia Kiswahili taratibu, anaonyesha kitu anachokitaja, anawaacha wakishike. Mtoto akijibu kwa Kigogo, alikuwa analipokea jibu, analirudia kwa Kiswahili, na kuendelea. Hakuna aliyechapwa wala kuvishwa kibao kwa kuongea lugha ya mama yake.

Tangu 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Ukikaa naye benchi la nyuma ndipo ulikuwa unaona kazi ilivyo.

Nitaeleza tukio moja. Mtoto mmoja wa kiume alisimama kusoma ukurasa wenye picha ya mwanamke shambani. Akasoma sentensi nzima bila kukwama, “Mama analima shamba,” darasa likampigia makofi. Madam akaweka kiganja chake juu ya picha, akagusa neno la mwisho kwa kidole na kumwambia alisome hilo peke yake. Mtoto akasema, “Mama.” Akagusa la kati. “Mama analima.” Madam hakumwambia amekosea. Alimwambia, “Umeikariri vizuri, mwanangu. Sasa tuisome,” akamshika kidole na kuanza naye sauti ya kwanza ya neno. Ilibainika kwamba anajua sauti ya m na ya a, anaweza hata kuziunganisha, lakini herufi zilizobaki alikuwa anazikisia kwa kuangalia picha. Yote hayo yalichukua kama dakika mbili. Mtoto alipokaa, Madam alifungua kauntabuku lake na kuandika mbele ya jina lake: “Anasoma kwa picha. Anza na l, sh.”

Kauntabuku lile ndilo lililonifanya nianze kumfuatilia. Halikuwa na alama. Kila mtoto alikuwa na mistari yake, na kwenye mistari hiyo kuna makosa yake: “b na d anageuza.” “Anajua sauti, haunganishi.” “Anachanganya r na l kwenye kuandika, si kwenye kusikia.” “Haoni ubaoni, akae mbele.” “Siku ya mnada haji, anaswaga ng’ombe na babu.” “Anahesabu mpaka 20, ukimwuliza baada ya 13 ni ngapi anaanza upya moja.” Mwalimu wa kawaida anajua nani amefaulu na nani ameshindwa. Huyu alijua kila aliyeshindwa ameshindwa nini.

Sasa piga hesabu. Kipindi cha Darasa la Kwanza ni dakika 30. Ukiwagawia watoto 100 kwa usawa, kila mmoja anapata sekunde 18. Kwa sekunde 18 huwezi kujua kama mtoto anasoma au anakumbuka picha. Kwa hiyo Madam aliwagawa. Kundi moja liliandika herufi kwenye mchanga nje kwa vijiti, jingine lilihesabu vizibo vya soda chini ya mti likisimamiwa na mtoto aliyekwisha kuelewa, na yeye akabaki na watoto kumi wa kusikiliza wakisoma, mmoja mmoja. Kumi kwa siku ni 50 kwa wiki, hivyo kila mtoto alifikiwa mara moja katika wiki mbili. Kisha madaftari: ukilipa kila daftari dakika moja tu, madaftari 100 ni zaidi ya saa moja na nusu, na hiyo ni kwa somo moja.

Sababu za Mwalimu Mkuu

Nataka kumtendea haki Mwalimu Mkuu, maana wengi wakisikia kisa hiki humtupia yeye lawama zote. Mwaka uliotangulia Darasa la Saba walifanya vibaya, na Hisabati ndiyo iliyowaangusha. Matokeo yanapotoka, shule hupangwa kwa nafasi, na kwenye kikao cha tathmini walimu wakuu wa shule za chini husimama kujieleza mbele ya wenzao. Hakuna kikao cha wilaya nilichohudhuria ambapo mwalimu mkuu aliambiwa asimame aeleze kwa nini watoto wa Darasa la Kwanza hawajui kuunganisha sauti. Wazazi nao walikuja juu: watoto wamekaa shule miaka saba, wanarudi nyumbani kuchunga.

Alimwita Madam ofisini, nami nikiwepo, akamwambia, “Madam, la kwanza hata kijana wetu wa kujitolea anaweza kuwashika. La saba nani ataliokoa?”

Madam alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Nitakwenda, Mkuu. Ila naomba anayekuja alisome kauntabuku langu kabla hajashika chaki.”

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa ndani ya neno moja la Mkuu: kuwashika. Katika shule zetu nyingi Darasa la Kwanza linahesabiwa kuwa mahali pa kuwashika watoto mpaka wakue wafundishike. Ndiyo maana hupewa mwalimu anayekaribia kustaafu, au mgonjwa, au mgeni, na wale wenye uwezo wakasogezwa kwenye madarasa ya mtihani, la nne na la saba. Mkuu hakubuni kitu. Alifuata desturi aliyoikuta.

Kilichotokea Darasa la Kwanza

Kijana aliyepewa darasa ana Astashahada ya Ualimu na alikuwa anasubiri ajira. Anapewa posho ndogo kutokana na michango ya wazazi, na inapokuja inachelewa. Naomba msomaji asimwone kuwa ndiye tatizo. Alifika mapema kuliko walimu wa ajira, andalio la somo lilikuwa tayari kila siku, na ubao wake ulikuwa safi. Kauntabuku alilisoma, lakini majina yaliyomo yalikuwa ya watoto waliokwisha kwenda Darasa la Pili, na hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuanzisha la kwake.

Alifundisha kama alivyofundishwa yeye. Aliandika silabi ubaoni, akashika fimbo ya kuonyeshea, na darasa zima likaimba: ba, be, bi, bo, bu. Sauti ilisikika mpaka barabarani. Wazazi waliopita walisifu, wakasema safari hii tumepata mwalimu.

Mwezi Juni nilikwenda kuwapima. Nilichukua silabi zile zile nikazipanga ovyo: bo, ba, bu. Watoto wengi waliniimbia wimbo wote kuanzia mwanzo huku kidole changu kikiwa juu ya bu. Nikaandika “bibi,” neno linaloanza na kumalizika na silabi waliyoiimba kila asubuhi tangu Januari, na walioweza kulisoma walikuwa wachache. Walikuwa wamejifunza wimbo, tena kwa usahihi kabisa. Hapakuwa na mtu wa kuwafunika picha.

Mahudhurio nayo yalishuka. Uwele unapoanza kukomaa, watoto huenda kuamia ndege mashambani, maana kundi la kwelea kwelea likitua linaweza kumaliza shamba. Kila mwaka watoto hupungua kipindi hicho. Tofauti ni kwamba Madam alijua nyumba zao. Alikuwa anamtuma dada wa mtoto, au anapita mwenyewe jioni kuzungumza na bibi, na wakikubaliana mtoto aje asubuhi aende shambani mchana, anamwekea kazi yake. Kijana hakuwa mwenyeji, hakujua aanzie wapi, na waliotoka wengine hawakurudi mpaka baada ya likizo.

Kulikuwa na fimbo pia. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 ziko wazi: kiboko ni cha Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mtoto wa Darasa la Kwanza aliyeshindwa kuunganisha sauti hana kosa lolote la kuadhibiwa. Lakini mtu mmoja mbele ya watoto 100, bila mbinu ya kuwagawa, ataishia kwenye fimbo kwa sababu ndicho kitu pekee kinachowanyamazisha wote kwa pamoja. Nilimkataza na akaacha. Kumkataza hakukumpa mbinu.

Kilichotokea Darasa la Saba

Upande wa pili kulikuwa na mambo ambayo sikuyategemea. Nilidhani Madam angeanza na mitihani iliyopita, kama wafanyavyo wengine: mazoezi, usahihisho, mazoezi. Hakufanya hivyo. Juma la kwanza aliwasomea namba kwa mdomo, waandike kwa tarakimu. Aliposema “mia nne na mbili,” sehemu kubwa ya darasa iliandika 4002. Akawapa 52 kutoa 17. Wengi waliandika 45.

Angalia hilo jibu vizuri, maana halikuja kwa bahati. Mtoto amekuta 2 juu na 7 chini, akaona 2 haiwezi kutoa 7, akageuza akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Kisha 5 kutoa 1 ni 4. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu: namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, popote ilipo. Ukimwekea mkasi mwekundu mara elfu hatabadilika, kwa sababu mkasi haumwambii kanuni yake ina kasoro gani. Yule wa 4002 naye ameandika anachokisikia: mia nne, 400, kisha mbili, 2.

Mwezi Februari wote Madam aliutumia kwenye thamani ya nafasi, somo la madarasa ya chini. Aliwaambia walete mabua ya mtama, wakayakata vipande, wakafunga makumi kwa kamba, na makumi kumi wakayafunga pamoja kuwa mia. Wavulana wakubwa waliona haya kushika vijiti kama watoto wa Awali, na mwalimu mmoja wa ofisini alinong’ona kwamba Madam amesahau kuwa yuko Darasa la Saba. Nilikuwepo siku msichana mmoja alipofungua fungu moja la kumi ili apate mabua saba ya kutoa. Alisimama na ile kamba mkononi, akasema, “Kumbe ile moja tunayokopa ni kumi!” Alikuwa amekopa moja kwenye daftari lake kwa miaka isiyopungua minne bila mtu kumwambia ni moja ya nini.

Matokeo ya Hisabati yalipanda. Si ya kushangilia wilayani, lakini yalipanda, na wapo watoto waliokwenda sekondari ambao nina hakika wasingekwenda. Kwa hiyo siwezi kusema uamuzi wa Mkuu ulikuwa wa kijinga. Ulileta alichokitafuta.

Ila Madam mwenyewe ndiye aliyemweleza bei yake. Alimwambia mwezi wa nne, bila hasira, “Mkuu, kosa hili ukilikuta Darasa la Pili unalitibu kwa wiki chache. Huku limekaa miaka mitano, limekuwa mfupa. Nami hapa nilipo, wengine wanalianza kule nilikotoka.”

Kisa hiki kinasema nini kuhusu mwalimu mzuri

Tumezoea kumpima mwalimu kwa anachokijua au kwa tabia yake: ana elimu, ana upendo, ana nidhamu. Kijana wa kujitolea alikuwa na vyote. Kusoma anajua, na watoto anawapenda. Alichokosa ni ujuzi wa tatu, ule wa kujua somo lenyewe linavyoharibika ndani ya kichwa cha mtoto, makosa gani hutokea sana, yanatoka wapi, na mfano gani unalifungua lipi. Msomi wa Marekani Lee Shulman aliuandikia mwaka 1986, akisema una nafasi yake ya pekee: si kujua Hisabati tu, wala si kujua mbinu za ufundishaji kwa jumla. Madam hajasoma maandishi hayo. Anaujua ujuzi huo kwa sababu amesikiliza watoto wakisoma, mmoja mmoja, kwa miaka, huku akiandika. Hilo ndilo linalonifanya nione kwamba ubora wake si kipaji cha kuzaliwa kama wanavyosema kijijini. Ni kazi iliyofanywa, na ni kitu ambacho mwingine anaweza kujifunza akikaa karibu.

Ugumu mkubwa ni kwamba kazi hiyo haionekani. Mtoto aliyefunikwa picha Darasa la Kwanza atapimwa kitaifa Darasa la Nne, na mwalimu wa Darasa la Nne ndiye atakayepongezwa. Akifaulu la saba, motisha itakwenda kwa walimu wa la saba. Sijawahi kuona shule ikimwita mwalimu wa Darasa la Kwanza siku matokeo yanaposomwa. Tena muda unazidi kupungua: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Mtoto atakayepoteza mwaka wa kwanza kwa kuimba silabi hatakuwa tena na ule wa saba wa kufungia mabua ya mtama.

Kuna jambo jingine tusilolisema kwa sauti. Tunapenda kuwaambia walimu kwamba ualimu ni wito. Nakubali, na Madam angekubali. Lakini nimeona wito ukitumiwa kuziba midomo ya watu wenye hoja za haki. Madam anaamka kuchota maji kwenye bomba la kijiji kabla foleni haijawa ndefu. Wiki ya zamu anahakikisha uji umepikwa, na mahindi ya wazazi yakiisha uji unakoma na watoto wanasinzia ifikapo saa tano. Anajaza takwimu kwenye kishikwambi, anaandika azimio la kazi na andalio la somo kwa ajili ya wathibiti ubora, anahudhuria vikao. Kauntabuku la makosa halikutakiwa na mtu yeyote. Halikaguliwi, halina fomu yake. Kile hasa kilichomfanya awe bora ndicho alichokifanya kwa muda wake wa ziada, usiku, kwa taa ya sola. Shule ikitegemea usiku wa mtu mmoja namna hiyo, haina haki ya kushangaa akichoka.

Kikao cha Julai

Tulikaa Julai, baada ya likizo: Mkuu, mwalimu wa taaluma, Madam, kijana, na wajumbe wawili wa kamati ya shule. Niliweka mezani matokeo ya upimaji wangu wa Juni. Mjumbe mmoja alitaka Madam arudishwe kesho yake. Mkuu alikataa, na alikuwa na hoja: mtihani wa Darasa la Saba ni Septemba, huwezi kuwaacha watoto wale katikati ya safari. Mwalimu wa taaluma akapendekeza ashike madarasa yote mawili. Hapo Madam alitikisa kichwa tu.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye mara nyingi hukaa kimya, ndiye aliyetupa njia. Alikumbusha enzi za UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977 na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa wakafunzwa huku wanafundisha. Watu waliwacheka sana. “Mwalimu wangu alikuwa mmoja wao,” alisema mzee. “Alikuwa akifundisha, mwalimu mkubwa amekaa pembeni. Jioni tunawaona wamekaa wanaulizana. Nami nilijua kusoma.” Sidhani kwamba UPE ni mfano wa kufuata kwa ujumla wake, ilituachia majeraha mengi. Lakini kuhusu kukaa pembeni, mzee alikuwa sahihi.

Tukakubaliana hivi. Kipindi cha kwanza kila siku Madam anakwenda Darasa la Kwanza, na Mkuu mwenyewe anasimamia zoezi la Darasa la Saba. Kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) cha kila wiki, ambacho pale shuleni kilikuwa kimegeuka kuwa cha kusaini mahudhurio, kikawa cha kusoma kauntabuku jipya la kijana, jina kwa jina.

Juma la kwanza Madam alisikiliza watoto kumi, kijana akaandika. Juma la pili wakabadilishana. Nilimsikia akimwelekeza: “Mdogo wangu, usimpe neno. Mpe sauti ya kwanza, kisha nyamaza.” Kijana alishindwa kunyamaza. Kila mtoto alipokwama, alilitaja neno lenyewe kwa huruma. Siku ya tatu au ya nne alifumba mdomo kwa mkono, na mtoto aliyekuwa mbele yake, baada ya kuhangaika muda mrefu, akatamka “ka… ra… nga. Karanga!” Kijana alinigeukia akicheka kwa furaha, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaandika kitu kwenye kauntabuku bila kuagizwa.

Ilipofika Novemba hali ilikuwa bora, si nzuri. Wengi waliweza kusoma maneno ya silabi mbili na tatu hata yakichanganywa. Wapo ambao hawakufika, na miezi sita ya mwanzo haikurudi. Mwalimu wa Darasa la Pili alipewa orodha yao, kila jina na kosa lake, na hilo halikuwahi kufanyika pale.

Januari iliyofuata Mkuu alipanga upya ratiba. Madam yuko Darasa la Kwanza na la Pili, pamoja na kijana. Hisabati ya Darasa la Saba ameichukua Mkuu mwenyewe, na anaanza na namba za kusomwa kwa mdomo na 52 kutoa 17. Nimewasihi walimu wakuu wengine wa kata yangu wafanye upimaji wa Darasa la Kwanza mwezi Machi, kwa kuchanganya silabi, na matokeo yake yasomwe kwenye kikao cha kata kabla ya yale ya Darasa la Saba. Wawili wamekubali. Wengine wanangoja agizo kutoka juu.

Suala ambalo halijaisha ni la kijana. Ameomba ajira na anaweza kupangiwa mkoa wowote. Wazazi wameahidi kuongeza posho yake wakishauza alizeti, lakini alizeti ya mwaka huu ilipata jua kali ikiwa bado inachanua. Akiondoka, kauntabuku litabaki shuleni, hilo tumelikubaliana na liko kwenye muhtasari. Kamati imeshaanza kutafuta mhitimu mwingine wa kukaa pembeni ya Madam, na Mkuu ameandika barua kwa Mkurugenzi kuomba kwamba kijana, akipata ajira, apangwe pale pale.